Yaka yako, mita ndogo au kuchanga? Ulinganisho kwa mpangaji wa Uganda

Ukitafuta chumba Kireka, Bwaise, Bombo au pembezoni mwa Jinja, mwenye nyumba atakutajia kodi, atakuuliza una watoto wangapi na unafanya kazi gani. Habari ya umeme huja mwisho, tena kwa sentensi moja: "Chumba hiki kina Yaka yake," au "Hapa tuna mita ndogo, mwisho wa mwezi napita kusoma," au "Mita ni moja, mnachanga." Yaka ni mita ya umeme ya kulipia kabla. Wengi huitikia tu, maana kinachowasumbua wakati huo ni kupata mahali pa kulala. Ugomvi huanza baadaye, pesa zinapoisha na hakuna anayejua yuniti zimekwenda wapi.

Mipango hii mitatu yote inaweza kukukosesha, na yote inaweza kwenda vizuri. Kosa la bili halichagui aina ya mita. Kinachotofautiana sana ni nani anayelazimika kukusikiliza kosa likitokea, na una nini mkononi cha kumwonyesha. Hilo ndilo nakuomba ulipime kabla ya kulipa kodi ya kwanza, kwa sababu ukishahamia nguvu yako ya kuomba mabadiliko hupungua.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaitazama kila njia kwa maswali yaleyale matano. Kwanza, nani ni mteja anayetambuliwa na shirika la umeme? Pili, yuniti moja inakugharimu kiasi gani kweli? Tatu, unaweza kuisoma mita na kuihakiki wewe mwenyewe? Nne, makosa ya kawaida ni yapi, na yanasahihishwa wapi? Tano, nani inamfaa?

Kabla ya hapo, tuweke bei mezani, kwa sababu bila bei huwezi kujua kama umekosewa au la. Umeme Limited walikabidhi mtandao wa usambazaji 31 Machi 2025, na tangu 1 Aprili 2025 wateja wanahudumiwa na UEDCL, shirika la serikali. Jina Yaka limebaki, na wengi mtaani bado wanasema "watu wa Umeme" wakimaanisha UEDCL. Bei hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, ambayo huipitia upya kila baada ya miezi mitatu. UEDCL ilipoanza kazi, bei ya matumizi ya nyumbani ilikuwa hivi: yuniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja; kuanzia hapo hadi yuniti ya 80, shilingi 756.2; yuniti ya 81 hadi ya 150, shilingi 412, punguzo lililowekwa ili watu wapike kwa umeme badala ya mkaa; zikizidi 150, bei inarudi 756.2. Juu ya yote kuna VAT ya asilimia 18. Uliza bei ya robo ya mwaka uliyomo kabla ya kupiga hesabu zako. Hapa nitatumia hizo ili mifano yote isimame kwenye msingi mmoja.

Ngazi hizo za bei ndizo zinazowachanganya watu wengi kuliko hitilafu yoyote ya mita. Nitazirudia mara kadhaa.

Njia ya kwanza: Yaka yako mwenyewe

Mita yako inahudumia chumba chako peke yake, unanunua yuniti kwa simu au kwa wakala, unapata tokeni ya tarakimu 20, unaiingiza. Mteja anayetambuliwa ni yule ambaye jina lake lipo kwenye akaunti. Hapa kuna jambo la kuangalia: katika nyumba nyingi za kupanga akaunti ina jina la mwenye nyumba, ingawa mita inahudumia chumba chako tu. Bado uko mahali pazuri, kwa kuwa namba ya mita, risiti na ujumbe wa simu vinaonyesha kila ulichonunua. Lakini kwa mambo mazito kama kubadilisha mita au kupinga deni, ofisi inaweza kumtaka mwenye akaunti mwenyewe. Kwa hiyo muombe mwenye nyumba akuandikie barua fupi inayosema wewe ndiye mtumiaji wa mita hiyo namba fulani. Karatasi hiyo haimgharimu kitu.

Kwa bei, hii ndiyo njia inayokupa ngazi zote wewe peke yako. Tazama chumba cha kawaida: taa nne za wati 10 na televisheni ya wati 50, vyote vikiwaka saa tano kila siku. Taa zinakula yuniti 6 kwa mwezi, televisheni 7.5. Jumla yuniti 13.5. Mtu huyo anaishi mwezi mzima ndani ya ngazi ya shilingi 250 kwa yuniti. Hata akifika yuniti 15 kamili, analipa shilingi 3,750, na pamoja na VAT ni 4,425.

Sasa lile linaloitwa kosa kila siku na si kosa. Unanunua Yaka ya 10,000 mwanzoni mwa mwezi, unapata yuniti 21 na kitu. Baada ya wiki mbili unanunua tena 10,000, unapata 11. Moyo unaruka. Hesabu yake ni hii: ukiondoa VAT, 10,000 inabaki kama 8,475. Mara ya kwanza, 3,750 ilinunua yuniti 15 za bei nafuu, na 4,725 iliyobaki ikanunua yuniti 6.2. Mara ya pili yuniti za nafuu zilishakwisha, hivyo 8,475 yote ikagawanywa kwa 756.2. Kama risiti ina makato mengine, mfano ada ya mwezi au deni, yuniti zitapungua zaidi, na ndiyo maana ujumbe wa ununuzi usisomwe kwa kutafuta tokeni tu. Soma kila mstari. Mwezi mpya ukianza, ngazi zinaanza upya.

Makosa ya kweli yapo pia. Namba ya mita ikikosewa tarakimu moja, yuniti zinaweza kwenda kwa mtu mwingine kabisa. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Tokeni inaweza kuchelewa au isifike ingawa pesa zimekatwa. Mita inaweza kukataa tokeni. Katika nyumba iliyokaa bila mpangaji kwa muda mrefu, sababu moja inayowezekana ni kwamba mita haikuwahi kusasishwa: mita za malipo ya kabla zenye tokeni za tarakimu 20 duniani kote zilitakiwa kuingiziwa tokeni mbili maalum kabla ya 24 Novemba 2024, na ile iliyopitwa haipokei tokeni mpya mpaka ifanyiwe hivyo. Kosa jingine ni deni la mpangaji aliyetangulia, ambalo hukatwa kidogokidogo kila unaponunua. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kulipa kodi, nunua Yaka ya pesa ndogo kwa mita hiyo mbele ya mwenye nyumba, mkasome risiti pamoja.

Kuihakiki mita si kazi ya fundi peke yake. Karibu mita zote za sasa zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, maana yake taa ikipepesa mara 1,000 umetumia yuniti moja. Zima na uchomoe kila kitu. Kama taa bado inapepesa, kuna umeme unaotoka, ama waya umeunganishwa kwa jirani ama kuna uvujaji kwenye nyaya. Kisha washa kitu kimoja unachojua nguvu yake. Birika la wati 2,000 lililojaa maji, kwa dakika tatu, linatakiwa kuonyesha mipepeso kama 100. Ukipata 95 au 105, hakuna tatizo. Ukipata 150, umepata sababu ya kuandika malalamiko. Piga video na simu, saa ikionekana.

Njia ya kulalamika ni ndefu lakini ipo, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mpango huu. Unaanza ofisi ya UEDCL ya eneo lako, ukiwa na namba ya mita, risiti na picha, na hutoki bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Omba mita ipimwe. Usiporidhika, unapeleka jambo ERA kwa maandishi, ukiambatisha ile namba ya kumbukumbu. Baada ya ERA kuna Baraza la Migogoro ya Umeme, lililoundwa chini ya Sheria ya Umeme ya 1999 kwa ajili ya kesi za sekta hii. Wachache hufika huko, lakini kujua lipo hubadilisha namna unavyozungumza ofisini.

Usimruhusu fundi yeyote aifungue mita, hata kwa nia njema. Muhuri ukikatika, mazungumzo yanahama kutoka kosa la bili hadi wizi wa umeme, na marekebisho ya sheria ya 2022 yalikaza adhabu zake. Ukihamia ukakuta waya unaopita pembeni ya mita, piga picha siku hiyohiyo, mjulishe mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi na utoe taarifa. Mpangaji aliyekaa kimya mwaka mzima atapata shida kueleza kwamba hakujua.

Njia hii inamfaa anayekaa peke yake au na familia, anayetumia kidogo sana, na pia anayepika kwa umeme. Haimfai sana mtu wa miezi miwili mitatu ikiwa mita haipo na inabidi iombwe, kwa sababu maombi yanataka ridhaa ya mwenye nyumba na nyaya zilizokaguliwa na fundi mwenye kibali cha ERA. Tangu 2018 serikali imekuwa na sera ya kufadhili uunganishaji wa wateja wapya, kwa hiyo uliza ofisini kama ruzuku inatolewa kwa sasa katika eneo lako kabla ya kukata tamaa kwa sababu ya gharama.

Njia ya pili: mita ndogo ya mwenye nyumba

Wengine huiita sabumita. Mita kubwa ni ya UEDCL, kisha mwenye nyumba amefunga mita zake ndogo kwa kila chumba. Kuna za kusomwa mwisho wa mwezi, na kuna za tokeni ambazo zinaendeshwa na yeye au na kampuni aliyoiajiri. Hii ya pili huwachanganya watu kweli, kwa sababu inafanana na Yaka. Ukienda UEDCL na namba ya mita ya namna hiyo, hawataiona kwenye mtambo wao. Uliza mapema: "Tokeni hizi nanunua kwa nani?"

Mteja anayetambuliwa hapa ni mwenye nyumba. Wewe ni mteja wa mwenye nyumba.

Bei ndiyo mahali pa kusimama na kupiga hesabu. Mwenye nyumba anapenda bei isiyo na sehemu, tuseme 1,000 kwa yuniti. Ukilinganisha na 756.2 pamoja na VAT, ambayo ni shilingi 892, nyongeza ya 108 si kubwa. Ana taa ya nje, ana upotevu kwenye nyaya, ana usumbufu wa kukusanya. Kwa haki, wengi hawapati faida ya kutisha kwenye matumizi ya katikati. Lakini bei moja bapa inafuta ngazi, na wanaoumia wako pande mbili. Mtu wa yuniti 15 analipa 15,000 badala ya 4,425. Mtu wa yuniti 40 analipa 40,000 badala ya 26,733. Na anayepika kwa umeme akafika yuniti 150 analipa 150,000, wakati kwa Yaka yake zingekuwa 96,457. Kwa huyo wa mwisho, tofauti ya mwezi mmoja ni zaidi ya 53,000.

Mita ndogo ni rahisi kuisoma ikiwa unaijua. Kosa linalojirudia ni la tarakimu ya mwisho. Katika mita nyingi za zamani tarakimu ya mwisho iko ndani ya fremu nyekundu au baada ya koma, nayo ni sehemu ya kumi ya yuniti. Anayesoma 01234,5 kama 12345 amekuzidishia mara kumi, na akifanya hivyo mwezi mmoja tu bila kurudia mwezi unaofuata, bili inaruka kwa namna isiyoelezeka. Kosa jingine ni usomaji wa kukisia: mwenye nyumba alisafiri, akaandika anachodhani, mwezi uliofuata yakaja yote kwa pamoja. Hapo hujaibiwa yuniti, ila bajeti yako imevurugika.

Jaribio la taa inayopepesa linafanya kazi hapa vilevile. Kuna na jaribio jingine zuri zaidi, ambalo linahitaji majirani. Someni mita kubwa na mita ndogo zote kwa wakati mmoja, kisha rudieni baada ya wiki. Kiasi kilichotumika kwenye mita kubwa kikizidi jumla ya zile ndogo, tofauti ni taa za uani, pampu ya maji, upotevu wa nyaya au mtu aliyeunganishwa kabla ya mita yake. Kama jumla ya zile ndogo ndiyo inayozidi, kuna mita ndogo inayokimbia. Mita za biashara, za umeme na za maji, zinatakiwa kuwa zimehakikiwa, na mwenye jukumu hilo nchini ni Shirika la Viwango, UNBS. Una haki ya kuuliza kama mita unayolipia imewahi kuhakikiwa.

Kusahihisha kosa hapa kunategemea sana lugha. Mwenye nyumba anayeambiwa "unatuibia" atafunga mlango. Nimeona maneno ya namna hii yakifanya kazi: "Mzee, naomba mwisho wa mwezi tuwe tunasoma pamoja, niandike kwenye daftari na wewe uweke sahihi, ili siku moja kusiwe na maneno kati yetu." Mwenye nyumba mwaminifu hana sababu ya kukataa, na asiye mwaminifu atajua kwamba unahesabu. Ikishindikana, unakwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Hiyo si kwenda kuombea huruma tu: Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya 2006 inazipa mahakama hizo uwezo wa kusikiliza madai madogo ya deni na makubaliano. Nenda na daftari na picha za usomaji. Na mkataba, kama upo. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Hata chumba chako kikiwa chini ya hapo, andikeni mstari mmoja unaosema bei ya yuniti na nani anasoma.

Inamfaa anayetumia kiasi cha katikati, asiyependa mambo ya ofisi, na ambaye mwenye nyumba wake anaishi karibu na tabia yake inasomeka. Inafaa pia kwa mtu wa muda mfupi, kwani anahama bila kuacha wala kurithi deni kwenye akaunti.

Njia ya tatu: mita moja, mnachanga

Hapa mita ni moja ya Yaka kwa vyumba vinne, sita au kumi. Kila mmoja anatoa kiasi, mtu mmoja ananunua. Mteja anayetambuliwa ni mwenye akaunti tu, na kati yenu wachangaji hakuna hata mmoja mwenye namba ya kumwonyesha afisa. Mnaweza hata hivyo kwenda UEDCL kwa pamoja kupitia mwenye nyumba, kwa kuwa mita ni ya shirika.

Watu husema njia hii ni ghali daima. Nimeipigia hesabu na jibu ni la kushangaza kidogo. Chukua vyumba vinne, kila kimoja kinatumia yuniti 15. Kwa Yaka nne, jumla ni 15,000 kabla ya VAT. Kwa mita moja, yuniti 15 tu kati ya 60 ndizo za bei nafuu, na jumla inakuwa 37,779. Maskini wanne wamelipa mara mbili na nusu. Sasa chukua vyumba vinne vya yuniti 40 kila kimoja. Kwa Yaka nne ni 90,620. Kwa mita moja ni 89,305. Karibu sawa, tena mita ya pamoja iko chini kidogo, kwa sababu matumizi ya jumla yamepita kwenye ngazi ya kupikia ya 412. Ongeza vyumba viwe vinane vya yuniti 40, na mambo yanageuka tena: 181,240 kwa Yaka nane, 210,297 kwa mita moja. Kwa hiyo swali la kuuliza si "kuchanga ni ghali?" Uliza vyumba vingapi, na wenzangu wanatumia nini.

Uhakiki ndio udhaifu mkubwa. Mita inasema jumla, haisemi nani. Njia pekee ya haki niliyoikuta ni kuhesabu vifaa: wati mara saa, gawanya kwa 1,000. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa kila siku ni kama yuniti 15 kwa mwezi, ingawa kwa kweli hupungua kwa sababu pasi hujizima ikishapata moto. Jiko la sahani moja la wati 1,500 kwa saa moja kila siku ni yuniti 45. Taa ya wati 10 kwa saa tano ni yuniti moja na nusu. Mkiyaweka haya kwenye karatasi, kila mtu anaona kwa nini mwenye jiko asichange sawa na mwanafunzi mwenye taa moja na chaja ya simu. Kugawanya kwa vichwa kunawaumiza wenye watoto wadogo ambao hawawashi chochote, na kugawanya kwa vyumba kunawaumiza wenye taa moja. Friji inahitaji makubaliano yake, kwa sababu hufanya kazi usiku na mchana, na ya zamani hula zaidi ya mpya.

Makosa yake hayafanani na ya njia mbili za kwanza. Mtu hachangi, wengine wanalipa, wanakasirika, wanaanza kununua kidogokidogo, umeme unakatika usiku wa manane. Mwekeni mnunuzi mmoja kwa zamu ya mwezi, na kila risiti itumwe kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji siku hiyohiyo. Malipo ya mwanzo wa mwezi yawe makubwa kidogo ili kusiwe na kiza cha ghafla. Suluhisho la migogoro ni ninyi kwa ninyi, kisha mwenye nyumba, kisha LC1.

Tazama pia usalama. Waya uliofungwa kwa taa za vyumba sita haukukusudiwa majiko sita, na swichi kuu inayojikata kila jioni inawaambia mzigo umezidi. Msiifunge kwa waya ili isikatike.

Inawafaa wanafunzi na vijana wanaofahamiana, vyumba vichache, matumizi yanayokaribiana. Haimfai mtu anayeingia peke yake katika uwanja wa vyumba kumi ambamo hamjui mtu.

Na maji?

Kwa maji mambo ni mafupi zaidi, ila maswali ni yaleyale. Shirika la Taifa la Maji, NWSC, huwauzia wateja wengi wa nyumbani kwa bili ya mwisho wa mwezi, na bili huja kwa ujumbe wa simu kwa mwenye akaunti. Muombe akuonyeshe ujumbe wenyewe. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani jerikeni 50 za lita 20. Kwenye mita, tarakimu nyeusi ni yuniti kamili na nyekundu ni sehemu zake. Bili hutumia nyeusi. Kosa la kawaida ni bili ya kukisia, pale msomaji alipokuta geti limefungwa. Linganisha usomaji ulioandikwa kwenye bili na unaouona kwenye mita leo: kama bili ina namba kubwa kuliko mita, umekisiwa, na picha moja yenye tarehe inatosha kuanzisha mazungumzo ofisini. Funga mabomba yote usiku. Kigurudumu kidogo katikati ya mita kikiendelea kuzunguka, maji yanavuja baada ya mita na gharama ni yenu. Na ukiuziwa kwa jerikeni shilingi 200, jua kwamba yuniti moja imekugharimu 10,000. Iweke pembeni ya bei ya yuniti iliyo kwenye bili, kisha uamue kama kumwomba mwenye nyumba mita ndogo ya maji kuna maana.

Kwa hali yako

Unakaa peke yako, taa na televisheni tu, na chumba chenye Yaka yake kinazidi kingine kwa kodi ya 10,000 kwa mwezi: kwa mita ndogo ya bei ya 1,000 ungelipa umeme 10,575 zaidi kwa yuniti 15, hivyo ni karibu sawa, na upande wa Yaka unapata haki ya kulalamika. Mimi ningechukua Yaka.

Unapika kwa umeme, au unataka kuacha mkaa: tafuta Yaka yako hata ikibidi kusubiri. Katika mpango wa bei moja bapa punguzo la kupikia halikufikii.

Unakaa miezi michache kwa kazi ya mkataba: mita ndogo inatosha. Piga picha ya usomaji siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mlipane kabla hujapakia vitu.

Ninyi ni marafiki watatu au wanne mnaotumia karibu sawa: kuchanga hakuna ubaya. Andikeni orodha ya vifaa, na kila anayeleta kifaa kipya aseme.

Uko tayari kwenye mita ndogo na bili imeruka: usianze na ugomvi. Angalia tarakimu ya mwisho ilisomwaje, linganisha na mwezi uliopita, zima kila kitu utazame taa ya mita, kisha mwombe mwenye nyumba msome pamoja. Akikataa mara mbili, andika tarehe zote mbili na uende LC1.

Uko kwenye Yaka na yuniti zinaisha haraka kuliko zamani: anza na risiti za miezi miwili, uone ni yuniti zilizopungua au ni ngazi za bei na makato. Kama ni yuniti, fanya jaribio la birika, piga video, nenda UEDCL uombe kipimo cha mita, na uandike namba ya kumbukumbu mahali ambapo simu ikipotea hutaipoteza nayo.

Wewe ni mwenye nyumba na umesoma hadi hapa: bandika karatasi ukutani yenye bei ya yuniti unayotoza na usomaji wa kila chumba wa mwezi huu, mahali ambapo kila mpangaji anapita akitoka asubuhi.